Ndege wa Ziwa Tshangalele, mwezi kwa mwezi

Ndugu msomaji, wewe unayekaa karibu na mgodi, je, unajua kwamba zamani ndege naye alikuwa mfanyakazi wa mgodi? Hatusemi juu ya ndege ya kutua Luano. Tunasema juu ya ndege ya manyoya.

Kule Uingereza, katika migodi ya makaa ya mawe, wachimbaji walikuwa wanashuka shimoni na kitundu mkononi. Ndani ya kitundu kulikuwa ndege mdogo wa manjano, jina lake kanari. Mtaalamu John Scott Haldane ndiye aliyetoa shauri hilo katika miaka ya 1890. Sababu yake ni hii: ndani ya shimo kuko hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hawezi kuisikia. Anachoka tu, analala, haamki tena. Lakini ndege mdogo anapumua upesi kuliko mtu, kwa hiyo sumu inamshika yeye kwanza. Wachimbaji walipoona kanari anayumba juu ya kijiti chake, walijua saa ya kukimbia imefika. Kazi ile iliendelea mpaka mwaka 1986, ndipo Waingereza walipoamua kuweka vyombo vya umeme mahali pa ndege.

Hapa kwetu Katanga hatushuki mgodini na kanari. Lakini tuko na ndege wengine. Wanakaa juu ya maji yale yale tunayofulia nguo, tunayonyweshea mboga na kulobea samaki. Nao wanaona mambo mapema kuliko sisi. Shida ni kwamba watu wachache sana wanawaangalia. Mtoto akiona ndege, anatafuta manati. Mkubwa akiona ndege, anafikiri mboga ya bukari. Basi leo tutembee pamoja kwenye ziwa moja lisilo mbali na Likasi, tuwaangalie ndege wake kwa macho tu, tangu kipwa mpaka mvula.

ZIWA LILILOTENGENEZWA JUU YA SHABA

Ziwa Tshangalele halikuwako tangu mwanzo wa dunia. Wazee wengi wa Kapolowe walikuta habari zake kwa baba zao. Mto Lufira ulikuwa unapita katika bonde pana, kisha unaanguka kwenye maporomoko ya Mwadingusha. Kompani ya Union Minière ilihitaji umeme kwa kuyeyusha shaba. Ikajenga baraji pale juu ya maporomoko, na mwaka 1930 mashine za Mwadingusha zilianza kutoa kura. Maji yakazuiwa nyuma ya baraji, yakafunika bonde. Hilo ndilo ziwa.

Kwa kuwa bonde lilikuwa tambarare, maji yalienea sana, lakini hayakwenda chini sana. Ni ziwa pana lenye kina kidogo. Mahali pengi mlobaji anasukuma bwato kwa mti mrefu, anagusa udongo. Maji ya namna hiyo yanapata joto na mwanga wa jua mpaka chini. Majani yanaota, wadudu wanazaa, konokono wanaongezeka, samaki wadogo wanapata chakula na maficho. Mafunjo na matete yakazunguka kando. Na wakati meza imeandaliwa, wageni hawahitaji barua ya kuwaalika. Ndege wakaja wao wenyewe.

Ni jambo la kushangaza. Watu walitafuta umeme, wakapata umeme pamoja na makao ya maelfu ya viumbe. Bonde la Lufira liliandikwa na UNESCO mwaka 1982 kati ya mahali pa dunia ambapo watu na viumbe wanapaswa kuishi pamoja kwa akili. Halafu mwaka 2017 liliandikwa tena, safari hii katika orodha ya Ramsar, ile ya maziwa na mabwawa yenye maana kwa dunia nzima.

KIPWA: MAJI YANASHUKA

Tuanze mwezi wa 5. Mvula imekwisha. Asubuhi ya mwezi wa 6 na wa 7 iko baridi, ukungu unalala juu ya maji, na walobaji wanajifunika makoti. Sauti ya kwanza unayosikia ni ya tai mvuvi. Kichwa chake na kifua ni vyeupe, tumbo jekundu-kahawia, mabawa meusi. Anakaa juu ya mti uliokauka, anatupa kichwa nyuma na kulia kwa nguvu, na mwenzake anamjibu ng'ambo. Bwana na bibi wanakaa pamoja miaka mingi, wanalinda sehemu yao ya maji.

Jua likipanda, tazama nguzo na vijiti vya walobaji. Juu yake wako mnandi, ndege weusi wenye shingo ndefu, wamefungua mabawa kama nguo kwenye kamba. Hawasali, hawatishi mtu. Manyoya yao yanalowana upesi, tena hiyo ndiyo inawasaidia kuzama na kufukuza samaki chini ya maji. Wakitoka ni lazima wajianike.

Karibu na majani mapana ya maua ya maji utaona ndege mwenye vidole virefu kupita kiasi. Anatembea juu ya majani bila kuzama, kwa maana uzito wake umegawanyika juu ya vidole vyote. Huyu anatufundisha jambo moja nyumbani: mama anataga mayai, lakini baba ndiye anayeyalalia na kulea watoto. Kukija hatari, baba anawakumbatia chini ya mabawa na kukimbia nao. Unaona miguu midogo tu inaning'inia! Wababa wanaosema kazi ya mtoto ni ya mama peke yake, waende kumwangalia.

Kadiri maji yanavyoshuka, udongo mweusi unaonekana kando. Pale anasimama korongo ambaye midomo yake haifungi vizuri. Katikati kunabaki nafasi. Si kilema. Ni chombo cha kazi, sawa vile fundi ana koleo lake. Kwa midomo ile anashika konokono na kumtoa ndani ya nyumba yake.

Mwezi wa 8, watu wanachoma majani. Moshi unapanda kila upande. Ndipo mwewe wanarudi na kuzunguka juu ya moto, wanakamata panzi wanaokimbia. Usifikiri kwa hiyo moto unasaidia ndege. Mwewe mmoja anashiba, lakini mafunjo yakiungua, viota na maficho ya wengine wengi vinageuka majivu.

MWEZI WA 9 MPAKA WA 11: WAGENI WANAFIKA

Joto linakuwa kali. Kila mtu anaangalia mawingu. Kuko ndege mmoja wa msituni, kifua chake chekundu, anayepiga sauti tatu zinazoshuka, mchana kutwa, hata usiku. Wakulima wanajua: akianza kuita hivyo, jembe litafutwe.

Ni wakati huu wageni kutoka mbali wanatua. Kwanza wale wadogo wa matope, wenye miguu myembamba na midomo mirefu, wanakimbiakimbia kandokando na kuchomachoma udongo. Wengi wao walizaliwa miezi michache tu mbele, kaskazini kabisa ya Ulaya na Asia, katika nchi za baridi kali. Kisha mbayuwayu wanajaa kwenye nyaya za umeme, ule umeme wenyewe wa Mwadingusha. Kisha korongo mweupe mwenye mabawa meusi na miguu myekundu.

Zamani Wazungu hawakujua ndege hao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wenye elimu wengine walifundisha kwamba mbayuwayu wanalala ndani ya matope chini ya maji! Lakini mwaka 1822, kule Ujerumani ya kaskazini, waliua korongo mweupe, wakakuta shingo yake imechomwa na mshale mrefu. Mti wa mshale ule ulikuwa wa Afrika. Mwindaji mmoja wa bara letu alikuwa amempiga. Korongo akaruka na mshale mwilini mpaka Ulaya. Mpaka leo anahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Basi mwindaji wa Kiafrika ambaye jina lake halikuandikwa aliwapa wataalamu jibu walilotafuta miaka mingi.

Baadaye, mwaka 1899, mwalimu wa masomo wa Denmark, jina lake Mortensen, alianza kuvalisha ndege pete ndogo za alumini zenye namba na anwani. Tangu hapo njia zao zikajulikana. Korongo mweupe hapendi kuvuka bahari pana, kwa maana anaruka kwa kupandishwa na hewa ya moto inayotoka kwenye nchi kavu. Kwa hiyo wengi wanazunguka kwa Uturuki na nchi ya Israeli, wanafuata Nile, wanashuka mpaka kwetu na kusini zaidi. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, alikwisha kuwaona wakipita, akasema wanajua nyakati zao kuliko watu. Yeye hakuwa na pete wala darubini. Alikuwa na macho, na aliinua kichwa.

Ndugu, ukimkuta ndege mwenye pete mguuni, usiitupe. Andika namba na herufi zote, siku na mahali, peleka kwa mwalimu au kwa watu wa hifadhi. Kuna mtu mahali fulani anayengoja habari zile.

MVULA NYINGI: SIKUKUU YA RANGI

Toka mwezi wa 12 mpaka wa 3, maji yanapanda, yanaingia ndani ya majani. Kabambale wanafuata maji kwenye majani yaliyofunikwa, wanataga huko. Ndege nao wanavaa nguo ya arusi. Yule ndege mdogo wa rangi ya udongo, uliyemdharau wakati wa kipwa kwa kuwa anafanana na shomoro, sasa dume lake limekuwa jekundu kama kaa la moto, na kifua cheusi. Anajitutumua juu ya tete, anaimba kwa kukwaruza, anatafuta bibi.

Wafumaji nao wako kazini. Dume anachana ukanda wa jani, anaufunga kwenye kijiti, anapitisha, anavuta, mpaka nyumba inaning'inia juu ya maji ambapo nyoka ana taabu ya kufika. Jike anakuja kufanya ukaguzi. Kama nyumba haimpendezi, anakwenda zake, na bwana anaanza nyingine. Hakuna mahari kali kama hiyo!

Lakini kati ya wafumaji hao kuko mmoja ambaye nakuomba umtazame vizuri. Ni wa manjano, uso wake mweusi kama amevaa kinyago. Mwaka 1960 mtaalamu Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alimchukua hapa kwenye ziwa letu. Alipelekwa kwenye nyumba ya makumbusho, na ilipita miaka zaidi ya 20 mbele ya watu kutambua kwamba ni wa namna ya peke yake. Mwaka 1982 Louette na Benson walimpa jina: Ploceus ruweti. Halafu ikawa kimya. Kwa muda mrefu hakuna mtaalamu aliyeandika kwamba amemwona tena. Wengine waliogopa amekwisha. Ndipo wachunguzi walirudi, wakachapisha habari njema: yuko, tena anaonekana hata mahali pengine pa bonde la Lufira.

Fahamu maana yake. Mbayuwayu akifukuzwa hapa, anaweza kutua Zambia. Korongo atapata bwawa lingine. Lakini mfumaji wa Lufira hajulikani mahali pengine popote duniani ila katika nchi hii yetu ya Katanga. Hayuko Ulaya, hayuko Kenya, hayuko hata Kinshasa. Makao yake ni mafunjo na vichaka vya kando ya maji. Watoto wa Kapolowe wanamwona kila siku wakienda kuteka maji, na labda hakuna aliyewaambia kwamba wanaona kitu ambacho mfalme wa nchi nyingine hawezi kukiona nyumbani kwake.

Mwezi wa 3 na wa 4, wageni wanaanza kukusanyika. Nyaya zinajaa mbayuwayu, wanazungumza sana sawa abiria kwenye gari la moshi. Asubuhi moja unaamka, nyaya ni tupu.

MAJI YANABEBA NINI?

Sasa tufike kwenye neno gumu. Ziwa lililozaliwa juu ya shaba liko pia chini ya shaba. Maji yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi yanashuka kwa mto Panda, yanaingia Lufira, na ziwa linayapokea. Wanaosafisha mawe ya madini mtoni wanaongeza yao. Shaba na kobalti havioni kufika kwenye maji kuwa mwisho wa safari. Vinalala katika matope. Na ni nani anayekula katika matope? Konokono na wadudu. Nani anakula konokono na wadudu? Samaki na ndege. Nani anakula samaki? Unajua jibu, uko naye mezani kila jioni.

Si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo baada ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Kobalti ilikuwa nyingi sana kwa wanaokaa karibu na migodi na viwanda, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Inaingia kwa vumbi na kwa chakula.

Ndege hawezi kukuambia maji yana kobalti kiasi gani. Hiyo ni kazi ya maabara. Tena ndege akipungua, sababu inaweza kuwa nyingine: moto, manati, ukataji wa miti ya makala, nyavu za chandarua cha mbu zinazozoa hata samaki aliyetoka kwenye yai jana. Lakini ndege anaweza kukuambia jambo moja: "Kitu kimebadilika." Kama korongo wa konokono walikuwa 40 kwenye pembe fulani kila mwezi wa 7, na mwaka huu ni 3, mtu mwenye akili anauliza konokono wamekwenda wapi. Yule mchimbaji wa Uingereza hakungoja kupima hewa. Alimwona kanari anayumba, akauliza.

Ila kuna sharti. Huwezi kujua wamepungua kama hukuwahesabu walipokuwa wengi.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kuangalia ndege si kazi ya watalii wenye darubini za bei kali. Baba aliyetoka zamu ya usiku anaweza, mama kwenye bustani anaweza, mtoto wa miaka 8 anaweza sana. Hata asiyekaa Kapolowe ana mto, bwawa au dembo karibu na kartie yake. Fanyeni hivi:

1. Chagueni mahali pamoja na saa moja. Asubuhi mapema ndiyo njema. Rudini palepale, mara moja kila juma au kila mwezi.

2. Kaeni kimya, jua likiwa mgongoni. Msivae nguo ya rangi kali. Dakika 20 zinatosha.

3. Chukueni daftari na kalamu. Andikeni siku, hali ya maji (yamepanda, yamepungua, yana rangi gani, yana harufu gani), ndege mliowaona na hesabu yao. Kama hamjui jina, andikeni ukubwa, rangi, midomo, miguu, na kitu alichofanya. Tafuteni jina lake kwa lugha ya kijiji, wazee wanayo.

4. Mkikuta ndege au samaki wengi wamekufa pamoja, msiwaokote kwa kula. Andikeni mahali na siku, mpeleke habari kwa mganga wa kituo cha afya na kwa chefu. Daftari lenye tarehe lina nguvu katika baraza kuliko kelele.

5. Mwambieni mtoto aweke manati mfukoni wakati huo. Yai likichukuliwa, kiota kinabaki. Kiota kikichomwa, hakuna anayebaki.

Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na karatasi 12 au zaidi. Baada ya miaka 5, nyumba yenu itakuwa na ushuhuda ambao hakuna kompani wala ofisi inaweza kuuandika mahali penu, kwa maana haikuwako pale kila mwezi. Ziwa likiwa na afya, daftari litasema. Likianza kuugua, litasema pia, na mtakuwa na mahali pa kuanzia.

Wale wachimbaji wa kule Uingereza walimpenda kanari wao. Walimwita, walimpigia mluzi wakati wa kazi. Tena wengine walitengeneza kitundu chenye chupa ndogo ya oksijeni juu yake, ili ndege akianguka, wafunge mlango na kumrudishia pumzi. Hawakusema, "Ni ndege tu." Walijua kwamba pumzi yake na yao zinatoka shimo moja.

Basi mwezi huu, ukiamka mapema, umchukue mtoto mkono, mwende majini. Msibebe kitu ila daftari.